Ufundi Uko Kwenye Kufuta

Bakteria hana rangi. Mtazame akiwa hai kwenye tone la maji chini ya hadubini, utaona kivuli kinachotikisika, na mara nyingine hata hicho hukioni, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wake ni maji na mwanga humpitia karibu sawa na unavyopita pembeni yake. Wengi wao wana urefu wa mikromita mbili hivi: mia tano wakijipanga mmoja nyuma ya mwenzake ndio wanafikisha milimita moja. Kiumbe wa namna hiyo hasomeki mpaka apakwe rangi. Ila kupaka rangi ni kazi ya dakika moja ambayo yeyote anaiweza, maana karibu kila kilichopo kwenye kioo huishika: usaha, kamasi, seli za mgonjwa, hata alama ya kidole. Kazi inayodai mkono uliokomaa ni ile inayofuata, ya kuifuta.

Chukua kanuni ya Gram, ambayo mwanafunzi wa maabara hufundishwa mapema na mzoefu haachi kuiheshimu. Huanza kwa mpako. Fundi huchukua kioo safi, huweka tone dogo la maji, hugusisha humo kitanzi cha waya chenye bakteria, kisha hulitandaza katika duara jembamba. Kama sampuli ni usaha au majimaji ya uti wa mgongo, tone la maji halihitajiki. Mpako mzuri ukishakauka, unaweza kusoma kupitia kwake maandishi ya gazeti yaliyo chini yake. Ukiwa mzito, bakteria hulaliana, rangi hujificha katikati yao, na kila hatua inayofuata itatoa jibu la uongo. Ukiwa mwepesi mno, utahangaika kuwatafuta.

Mpako huachwa ukauke wenyewe hewani, halafu kioo hupitishwa juu ya mwali wa moto mara mbili tatu ili bakteria wafe na kung'ang'ania mahali walipo. Hapa nako kuna kipimo: kioo kikigusishwa nyuma ya kiganja kiwe cha moto unaovumilika. Kikizidi hapo, maumbo hujikunja na fimbo huanza kufanana na vitu ambavyo havimo katika kitabu chochote.

Sasa zinaingia rangi. Ya kwanza ni zambarau nzito, kristali violeti, ambayo ndiyo kiini cha dawa ya GV wanayoijua akina mama wengi wa Afrika Mashariki kwa kuwapaka watoto wenye utando mweupe mdomoni. Huachwa kwa muda wa dakika moja, huoshwa, kisha humwagiwa aiodini kwa dakika nyingine. Aiodini yenyewe haikuja kupaka rangi. Hupenya ndani ya seli, hukutana na chembe za zambarau na kuungana nazo kuwa madonge makubwa zaidi. Ukikitazama kioo wakati huo, kila bakteria aliyepo ni zambarau, awe wa aina gani. Umepaka, lakini bado hujajua lolote.

Hatua ya tatu ndiyo penye kazi. Fundi hukiinamisha kioo juu ya sinki na kudondosha spiriti, mara nyingi iliyochanganywa na asetoni, kutoka ukingo wa juu. Macho yake hayako kwenye duara la mpako. Yako kwenye ukingo wa chini, panapochuruzika maji ya zambarau. Yanakuwa mazito, yanapauka, yanakaribia kuwa meupe, na hapo hapo anafungulia maji ya bomba kuisimamisha spiriti. Asetoni hufanya kazi kwa sekunde mbili tatu. Spiriti tupu huchukua muda zaidi. Akisimama mapema, wote watabaki zambarau. Akichelewa, hata waliokuwa na haki ya kubaki na rangi wataiachia. Saa ya ukutani haimsaidii sana, maana kila mpako una unene wake, na kila mwenye jicho zuri ameligharamia kwa vioo vingi vilivyoharibika. Mwisho humimina safranini, rangi nyekundu isiyo kali, ili wale waliovuliwa zambarau wapate kuonekana. Waliobaki zambarau huitwa Gram chanya, waliogeuka waridi ni Gram hasi.

Kilichotokea katika sekunde zile ni mtihani wa ukuta. Bakteria karibu wote wana ukuta uliofumwa kwa peptidoglaikani: minyororo mirefu ya sukari za aina mbili zinazopokezana, iliyoshonwa pamoja kwa vipande vifupi vya protini mpaka ikawa wavu mmoja unaomzunguka kiumbe mzima. Kwa Gram chanya wavu huo ni wa tabaka nyingi, unene wake ukiwa kati ya nanomita 20 na 80. Spiriti ikiufikia huufyonza maji, matundu yake hujikaza, na yale madonge ya zambarau na aiodini hunaswa ndani. Kwa Gram hasi wavu ni mwembamba, nanomita chache tu, na nje yake kuna utando wa pili wenye mafuta. Spiriti huyayeyusha mafuta hayo, na wavu mwembamba ulioachwa peke yake hauwezi kuyazuia madonge yasitoke. Tofauti ya rangi, kwa hiyo, ni tofauti ya ujenzi. Ushahidi wake uko kwenye vioo vibaya: Gram chanya waliozeeka, au waliokwisha kupigwa na dawa mwilini mwa mgonjwa, kuta zao zimepasuka, na huonekana waridi ingawa ukoo wao ni wa zambarau.

Aliyeigundua kanuni hii hakuyajua hayo. Hans Christian Gram alikuwa daktari kijana kutoka Denmark, na mwaka 1884 alikuwa Berlin, katika maabara ya chumba cha maiti cha hospitali ya jiji, chini ya Carl Friedländer. Alichokitafuta kilikuwa kidogo: njia ya kuwaona bakteria ndani ya vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, bila viini vya seli za binadamu navyo kung'aa kwa rangi ileile. Aliona kwamba aiodini ikifuatwa na spiriti, nyama ya pafu huachia rangi na bakteria hubaki nayo. Aliona pia kwamba baadhi ya bakteria, wakiwamo wale wa homa ya matumbo, huachia kama nyama ilivyoachia, na jambo hilo likampunguzia furaha. Alipochapisha makala yake alikiri kwamba njia hiyo ina upungufu mwingi, akatumaini kuwa wengine wataipatia kazi. Safranini ya mwisho iliongezwa baadaye na Carl Weigert, Mjerumani. Gram mwenyewe alirudi Copenhagen, akawa profesa wa tiba. Ule upungufu uliomsumbua, wa bakteria wengine kushika na wengine kuachia, ndio uliolibeba jina lake.

Ukuta huo haukujengwa kwa ajili ya rangi, bila shaka. Ndani ya bakteria mna chumvi, sukari na protini nyingi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji hujisukuma kuingia muda wote, na shinikizo la ndani hufikia angahewa kadhaa. Pasipo ukuta angepasuka. Na kwa kuwa anakua na kugawanyika, baadhi yao kila baada ya dakika ishirini, hana budi kuukata na kuushona upya pasipo kuacha mwanya hata kwa kitambo. Alexander Fleming alikutana na ukuta huu mara mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 aligundua lisozaimu, kimeng'enya kilichomo kwenye machozi na kamasi, ambacho hukata minyororo ya sukari zake. Mwaka 1928 akakutana na penisilini, ambayo haikati chochote: huvizuia vimeng'enya vinavyoshona ile minyororo. Bakteria huendelea kukua na kukata, mshonaji amefungwa mikono, ukuta unalegea, maji yanaingia, anapasuka. Mikoplasma, ambaye hana ukuta kabisa, hadhuriwi na penisilini wala hasomeki kwa kanuni ya Gram.

Utando wa nje wa Gram hasi nao una kazi zake. Ni boma. Una vijia vyembamba vya protini vinavyopitisha chembe ndogo za chakula na kuzuia kubwa. Ndiyo maana vankomaisini, dawa yenye umbo kubwa, huua Gram chanya wengi lakini hushindwa kuwafikia Gram hasi. Upande wake wa nje umejaa mafuta yaliyounganishwa na sukari, na bakteria wakifa kwa wingi katika damu mafuta hayo huachiliwa, mwili hupandisha homa kali na shinikizo la damu huporomoka. Daktari anayeambiwa kwamba damu ya mgonjwa ina Gram hasi anaelezwa kwa mkupuo dawa zipi zinaweza kupenya na hatari ipi aisubiri.

Ndiyo sababu kioo bado hutangulia. Kuotesha bakteria huchukua siku nzima au zaidi. Kanuni ya Gram huchukua dakika chache. Fundi huweka tone la mafuta juu ya mpako na kushusha lenzi inayokuza mara 100 mpaka izame ndani yake. Mafuta hayo hupinda mwanga karibu sawa na kioo, hivyo miale ambayo ingepotelea hewani huingia kwenye lenzi, na kwa jumla, pamoja na lenzi ya jicho, kitu hukuzwa mara 1,000. Kisha husoma mambo mawili pamoja: rangi na mpangilio. Zambarau wa duara waliojikusanya vishada ni stafilokokasi. Walioshikana minyororo ni streptokokasi. Katika majimaji ya uti wa mgongo, duara za waridi zilizoketi mbili mbili zaelekea kwa meningokokasi, na za zambarau zilizo mbili mbili zaelekea kwa pneumokokasi. Katika usaha wa mwanamume, waridi wawili wawili waliomezwa ndani ya seli nyeupe za damu humaanisha kisonono. Hata mpangilio huo ni matokeo ya ukuta: wanaogawanyika kwa mstari mmoja na kubaki wameshikana huwa mnyororo, wanaogawanyika kuelekea pande mbalimbali huwa kishada.

Wapo ambao kanuni ya Gram haiwawezi, na hapo ufundi mwingine huanza. Bakteria wa kifua kikuu ana ukuta wa peptidoglaikani kama wengine, ila juu yake amejipaka nta ya asidi za maikoliki, zenye minyororo mirefu ya kaboni, 60 hadi 90 kila mmoja. Rangi ya kawaida haishiki vizuri. Robert Koch alimtangaza bakteria huyu Berlin tarehe 24 Machi 1882, na mwaka huohuo Paul Ehrlich akagundua tabia yake ya ajabu: akishapakwa, hata tindikali kali haimvui. Franz Ziehl na Friedrich Neelsen wakaiboresha njia hiyo, na majina yao mawili ndiyo yanayotajwa mpaka leo. Fuksini nyekundu iliyochanganywa na fenoli humwagwa juu ya mpako wa makohozi, halafu moto hupitishwa chini ya kioo mpaka mvuke uanze kupanda. Wasuka mikeka wa pwani wanalijua jambo hili, ndiyo maana ukindu huchemshwa pamoja na rangi wala hauchovywi tu: joto hulegeza kisichotaka kupokea. Rangi isichemke, isikauke. Kioo kikipoa nta hujifunga tena, rangi ikiwa ndani. Kisha huja tindikali na spiriti, kwa dakika kadhaa safari hii, na kila kilichomo kwenye kioo huvuliwa wekundu isipokuwa yeye. Buluu ya methilini hupakwa mwishoni ili awe na mandhari ya kuonekana.

Halafu huanza kuhesabu. Hadubini haiwezi kumnasa bakteria wa kifua kikuu mpaka awepo kwa wingi, kati ya 5,000 na 10,000 katika kila mililita ya makohozi, hivyo kutomwona katika sehemu tano za kwanza hakumaanishi kitu. Sheria ni kutazama sehemu 100 kabla ya kuandika kwamba hayupo. Wakionekana mmoja hadi tisa katika sehemu hizo 100, idadi yenyewe huandikwa. Kuanzia 10 hadi 99, jibu ni jumlisha moja. Wakiwa mmoja hadi kumi katika kila sehemu ni jumlisha mbili, wakizidi kumi ni jumlisha tatu. Fundi husogeza kioo mstari kwa mstari asirudie mahali, akirekebisha lenzi kidogo kidogo, akitafuta fimbo nyekundu iliyopinda katika uwanja wa buluu, wakati mwingine moja tu. Juu ya kazi hii ya subira Tanzania ilijenga jambo kubwa. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, ukisaidiwa na daktari Karel Styblo, na ulisimama juu ya hadubini katika wilaya na dawa zinazomezwa mbele ya mhudumu. Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfano huo katika miaka ya 1990 na kuusambaza duniani.

Bakteria wengine hawategemei nta bali hujificha ndani ya mbegu. Anayesababisha kimeta na anayesababisha pepopunda, hali ikiwa ngumu, hutenga nakala ya vinasaba vyake, huikausha na kuizungushia maganda kadhaa. Mbegu hiyo haili wala haikui, inasubiri. Wafugaji wanaokatazwa kuchuna ng'ombe aliyekufa kwa kimeta wanazuiwa kuzimwaga mbegu ambazo zitakaa udongoni miongo mingi. Maji ya kuchemka hayaaminiki kuziua. Vyombo vya upasuaji hutiwa kwenye mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15 au zaidi. Kuziona, fundi hufuata njia ya Schaeffer na Fulton ya mwaka 1933: kijani cha malakaiti huvukizwa juu ya mpako, kisha huoshwa kwa maji tu. Maji ya bomba hutosha kuitoa rangi kwenye mwili wa bakteria, lakini hayawezi kuitoa kwenye mbegu. Mwisho hupakwa safranini, na wa pepopunda huonekana wekundu wembamba, kila mmoja na rungu la kijani mwishoni.

Kwa kapsuli mambo hugeuka. Hii ni joho laini la sukari nje ya ukuta, ambalo huwafanya askari wa mwili washindwe kumshika bakteria. Halishiki rangi yoyote vizuri, kwa hiyo fundi huacha kulipaka. Huchanganya bakteria na wino mweusi, na kapsuli huonekana kwa kuusukuma wino: pete nyeupe kuzunguka kiumbe. Frederick Griffith, akiwa Uingereza mwaka 1928, aliona kwamba pneumokokasi wasio na kapsuli huweza kuipata kutoka kwa wenzao waliokufa na kuanza kuua panya. Kutafuta ni kitu gani kilichohama kutoka kwa wafu kwenda kwa walio hai kuliwafikisha Oswald Avery na wenzake, mwaka 1944, kwenye jibu kwamba ni DNA. Na sukari hiyohiyo ya kapsuli ndiyo iliyomo katika chanjo ya nimonia wanayochanjwa watoto.

Kazi inayonistaajabisha kuliko zote ni ya kupaka mikia. Mkia wa bakteria una unene wa nanomita 20 hivi, mara kumi chini ya kile ambacho mwanga wa kawaida unaweza kukionyesha. Fundi haukuzi kwa lenzi, huunenepesha. Humimina rangi pamoja na tanini, na tabaka baada ya tabaka hujipanga juu ya mkia mpaka unaonekana. Kioo kikiwa na mafuta kidogo, tone likisambazwa kwa nguvu, au bakteria wakitikiswa, mikia hukatika yote. Tone huachwa liteleze lenyewe kwa uzito wake. Hapo utaona kwamba wa kipindupindu ana mkia mmoja upande mmoja, na kwamba wengine wamezungukwa na mikia pande zote. Wengi walidhani mikia hiyo hupunga. Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walitoa hoja kwamba huzunguka, na mwaka uliofuata Michael Silverman na Melvin Simon waliinasa mikia kwenye kioo, wakaona mwili mzima wa bakteria ukizunguka badala yake. Chini ya kila mkia kuna mtambo wa protini, ambao kwa E. coli, bakteria wa utumboni, huendeshwa na protoni zinazopenya utando wa ndani na huzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde.

Yapo ambayo hakuna rangi ya mezani inayoyafikia. DNA ya E. coli, ambayo ikinyooshwa ina zaidi ya milimita moja, imekunjwa pasipo kiini cha kuizunguka. Ribosomu, viwanda vya protini ambavyo streptomaisini na tetrasaiklini hushambulia, zinahitaji hadubini ya elektroni. Na kwa kifua kikuu, tangu 2010 mashine ya GeneXpert husoma vinasaba kwa saa mbili hivi na kuwanasa wagonjwa ambao hadubini ingewakosa. Ni hatua kubwa, na hakuna fundi makini atakayeikataa. Lakini mashine hiyo husoma pia DNA ya bakteria waliokwisha kufa, hivyo haitumiki kumfuatilia mgonjwa aliye kwenye dozi, na pale kioo kinaendelea na kazi.

Kila asubuhi, kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa, maabara inayojiheshimu hupaka kwanza vioo viwili vya bakteria wanaojulikana: stafilokokasi, ambaye lazima atoke zambarau, na E. coli, ambaye lazima atoke waridi. Mmoja akikosea, rangi zote hukaguliwa na kazi husimama. Aliyeifanya kazi hii miaka ishirini huanza na vioo hivyo viwili sawasawa na aliyeajiriwa jana, kwa sababu spiriti haimjui mzoefu.